Maswali ya Wasomaji: Mbwa wa Kongo Alivyosimama Ughaibuni

Picha ya basenji tuliyoichapisha katika toleo lililopita, ile ya mbwa mwekundu mwenye kifua cheupe aliyesimama mbele ya mwamuzi wa maonyesho, imetuletea barua kutoka pande nyingi. Kwa kuwa barua hizo zinazunguka jambo moja, tumechagua chache zilizokwenda ndani zaidi na kuzijibu kwa pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Kindu, mkoani Maniema, na sasa naishi Leicester. Wenzangu kazini walinichukua kwenda kutazama maonyesho ya mbwa, na nusura nicheke nilipomwona pale uwanjani mbwa yule yule ambaye kwetu hulala jikoni kando ya mafiga na kuwafuata wazee mawindoni: masikio yamesimama, paji la uso limejaa makunyanzi, mkia umejikunja juu ya kiuno. Mwenyewe alinionyesha hati yenye majina ya wazazi na mababu wa mbwa huyo hadi vizazi vitano, wote wamezaliwa Uingereza au Marekani, na baadhi ya majina hayo yanaishia na maneno "of the Congo". Naomba kufahamishwa mbwa huyu alifikaje huku, na tangu lini amekuwa wa kwao kuliko wa kwetu.
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu yetu wa Kindu, sehemu ya pili ya swali lako ndiyo ngumu, na ili kuijibu ni lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mbwa kufika katika nchi ni jambo moja. Aina ya mbwa kusimama katika nchi hiyo ni jambo lingine kabisa. Mbwa wa Kongo walifika Uingereza zaidi ya miaka arobaini kabla aina yao haijasimama huko, na katika miaka yote hiyo kazi yao ilikuwa ni kufika na kufa.

Wasafiri wa Ulaya walikuwa wamekwisha kumfahamu mbwa huyu. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika nchi ya Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, aliandika habari za mbwa wadogo wa huko. Mwaka 1895 wawili wa namna hiyo walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, wakitambulishwa kama terria wa Kongo, ingawa hawana uhusiano wowote na mbwa aina ya terria, ila waandaaji walihitaji kuwaweka chini ya jina ambalo watazamaji wangelielewa. Haukupita muda wakafa kwa maradhi. Mwaka 1923 Bibi Helen Nutting alileta wengine sita kutoka kusini mwa Sudan, na hao nao wakafa wote wakiwa karantini, baada ya kuchomwa sindano zilizokusudiwa kuwakinga na distempa.

Inafaa tukae kidogo kwenye ugonjwa huu, kwa maana ndio uliokuwa mlango uliofungwa. Distempa husababishwa na virusi vinavyopita kwa hewa kutoka mbwa hadi mbwa. Kwanza macho hujaa tongotongo na pua hutoa makamasi mazito. Kisha huja kikohozi, kutapika na kuharisha. Na yule anayeonekana kupata nafuu huweza, baada ya wiki kadhaa, kuanza kutikisika taya na kuanguka kwa degedege. Mbwa aliyekulia kijijini msituni, mbali na njia kuu na mbali na mbwa wengi wageni, hana kinga yoyote dhidi ya virusi hivyo. Sheria ya Uingereza, kwa upande wake, ilimtaka kila mbwa atokaye ng'ambo akae karantini miezi sita kwa kuhofia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao nchi hiyo ilikuwa imeutokomeza mwaka 1922 tu. Kwa hiyo mbwa aliyechoshwa na safari ya meli aliingizwa moja kwa moja mahali palipokusanya mbwa wa kila pembe ya dunia, na banda lililojengwa kuzuia ugonjwa mmoja likawa ndipo mahali pa kuambukiziwa mwingine. Chanjo yenye kutegemeka kiasi ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1920, kutokana na utafiti wa Patrick Laidlaw na George Dunkin huko Mill Hill, London.

Aliyefaulu alikuwa Bibi Olivia Burn, ambaye alikuwa amewaona mbwa hawa alipokuwa Kongo. Mwaka 1936 alifika Uingereza na kundi ambalo majina yake yangali yakisomwa katika nasaba za basenji hadi leo: Bongo, Bokoto na Bereke, kila mmoja akiongezewa "of Blean", jina la ufugaji wa bibi huyo. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts, na umati wa watu waliotaka kumwona mbwa asiyebweka ukasongamana kwenye kizimba chao. Magazeti yaliandika, watu wakauliza bei, na wafugaji wengine wakaanza kutafuta wa kwao. Tofauti kati ya mwaka 1895 na mwaka 1937, kwa maoni yangu, haikuwa kwamba Waingereza walimpenda mbwa huyu zaidi mara ya pili. Safari hii walibaki hai madume na majike ya kutosha kuzaliana, na alikuwapo mtu aliyekusudia wazaliane.

Hapo ndipo kazi ya karatasi ilipoanza. Mwaka 1939 wafugaji waliunda chama cha basenji cha Uingereza na kuandika maelezo rasmi ya mbwa wao: dume awe na kimo cha sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11, jike sentimita 40 na kilo tisa na nusu, shingo ndefu, mkia uliojikunja na kulala karibu na paja, makunyanzi membamba kwenye paji, rangi fulani na fulani pamoja na weupe miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mkia. Kuanzia hapo mtoto wa mbwa aliandikwa katika daftari la nasaba kwa sababu wazazi wake walikuwa wamekwisha kuandikwa, na asiyekuwa na wazazi ndani ya daftari, hata angekuwa ametoka jana Kindu, hakuwa basenji machoni pa daftari hilo. Swali lako la "tangu lini amekuwa wa kwao" linajibiwa na daftari hili: tangu lilipofunguliwa, na zaidi tangu lilipofungwa.

Vita vikuu vya pili vilianza mwaka huo huo wa 1939, chakula kikawa cha mgao, na aina nyingi za mbwa zilipungua. Basenji walivuka miaka hiyo kwa juhudi za wafugaji wachache, na aliyejulikana kuliko wote ni Veronica Tudor-Williams. Huyu ndiye aliyekuwa na jina la ufugaji "of the Congo", na hapa niondoe utata uliouona kwenye hati: mbwa mwenye jina hilo kwa kawaida alizaliwa bandani kwake Uingereza. Hati inasema Kongo, ilhali mbwa mwenyewe hakuwahi kuiona. Hata hivyo bibi huyo alijitahidi kuliko wengi kurudi kwenye chanzo, kwani mwaka 1959 alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula. Fula hakuwahi kupelekwa kwenye maonyesho, lakini ni vigumu leo kupata basenji wa Ulaya au Marekani ambaye nasaba yake haimpitii yeye.

Marekani ilirudia mkasa ule ule kwa haraka zaidi. Mwaka 1937 Bibi Byron Rogers wa New York alileta dume na jike pamoja na watoto wao. Distempa ikawamaliza wote isipokuwa dume mkubwa, aliyeitwa Bois. Dume mmoja peke yake hawezi kuanzisha aina, na huenda habari ingeishia hapo kama mwaka 1941 meli ya mizigo kutoka Afrika isingefika Boston ikiwa na jike kijana, amekonda, kwenye ghala la chini. Alexander Phemister alimchukua jike huyo, akamwita Congo, kisha akampata na Bois. Uzao wao ukawa wa kwanza wa basenji kukuzwa hadi utu uzima katika nchi ile. Mwaka huo huo waliletwa wengine wawili pamoja na shehena ya gorila, na utafurahi kusikia kwamba mmoja aliitwa Kindu na mwenzake Kasenyi. Waliobaki walitoka Uingereza na Kanada. Chama cha basenji cha Marekani kiliundwa mwaka 1942, kikachukua maelezo yale yale ya Waingereza, na kufikia mwaka 1944 American Kennel Club ilikuwa imekwisha kuikubali aina hiyo katika daftari lake. Sinema moja ya mwaka 1956, ambayo basenji ni mhusika mkuu ndani yake, ilimfanya ajulikane hata na watu wasiokanyaga maonyesho ya mbwa.

SWALI: Naomba kuuliza kwa ufupi. Ni kweli kwamba mbwa huyu habweki? Na ni hilo lililowavutia wazungu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli habweki kwa mfululizo kama mbwa wengine, lakini si bubu. Hunguruma, hulia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayofanana na mtu anayeimba kwa koo. Wataalamu huihusisha na umbo la koromeo lake. Wawindaji wa misitu ya Ituri na kwingineko Kongo huwafunga mbwa wao njuga ya mti shingoni, ili mwindaji ajue mbwa alipo na wanyama waliojificha wakurupuke kuelekea kwenye nyavu.

Ukimya huo ulisaidia sana kumtangaza, pamoja na tabia yake ya kujilamba na kujisafisha kama paka, jambo lililowafaa watu wanaoishi na mbwa ndani ya nyumba. Lakini ipo tabia nyingine isiyotajwa sana ambayo iliathiri zaidi kuenea kwake. Jike wa basenji hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati majike wa aina nyingi hupata mara mbili. Huko kaskazini jambo hilo hutokea kwa kawaida siku zinapoanza kufupika, kuelekea mwisho wa mwaka. Mfugaji aliyekosa msimu, kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu dume yuko mji mwingine, alingoja mwaka mzima. Ukianza na wanyama wachache na kila jike akazaa mara moja kwa mwaka, hesabu inapanda polepole mno, na kila mbwa mmoja aliyekufa kwa distempa alikuwa hasara ya miaka.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nasomea tiba ya wanyama hapa Morogoro. Nimesoma kwamba basenji wa Ulaya na Marekani wana ugonjwa wa figo wa kurithi. Inakuwaje mbwa aliyezoea msitu, njaa na mawindo awe dhaifu kiasi hicho? Je, ni baridi ya huko? Nimesikia pia kwamba walirudi Kongo kuchukua mbwa wengine, nikashangaa walihitaji nini tena.
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Baridi haihusiki. Maswali yako mawili yana jibu moja, nalo ni lile daftari tulilomweleza ndugu yetu wa Leicester.

Ukiwatoa wanyama wachache kutoka katika jamii kubwa, unachukua sehemu ndogo tu ya jeni zilizomo katika jamii hiyo, na sehemu hiyo huja na kasoro zake zilizojificha. Kila kiumbe hubeba kasoro za namna hiyo. Hazidhuru maadamu mnyama ana nakala moja iliyoharibika na nyingine nzima. Lakini mababu wakiwa wachache, na daftari likiwa limefungwa, baada ya vizazi kadhaa kila dume na kila jike ni ndugu kwa njia fulani, na uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, unaongezeka. Mbwa aliyewakimbiza swala wa msituni alikuwa na afya njema. Kilichowaumiza wajukuu wake ni kwamba walikuwa na babu yule yule pande zote mbili.

Pigo la kwanza lilikuwa upungufu mkubwa wa damu, unaotokana na chembe nyekundu kukosa kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinase, hivyo kuvunjika kabla ya wakati wake. Mbwa mwenye ugonjwa huo huwa mnyonge, ufizi wake hupauka, na hufa akiwa bado kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu kilichoweza kuwatambua hata wale wabebaji ambao wenyewe hawaugui. Wafugaji walikitumia kwa bidii ya kusifiwa na kwa haraka ya kulaumiwa. Waliwaondoa wabebaji wote katika uzazi, wakapunguza tena kundi ambalo tangu awali lilikuwa dogo, na pamoja na jeni moja mbovu wakatupa jeni nzuri zisizo na idadi. Leo mtaalamu angewashauri kinyume: mbebaji mzuri apandishwe kwa mwenza aliye salama, kisha watoto wapimwe, wale wasiobeba waendelee.

Baada ya kupunguzwa huko ndipo ugonjwa uliousoma, unaoitwa sindromu ya Fanconi kwa jina la daktari wa Uswisi aliyeuchunguza kwa binadamu, ulipojitokeza kwa nguvu. Kwa kawaida figo huchuja damu, kisha hurudisha mwilini vile vinavyohitajika: sukari, amino asidi, fosifeti, baikaboneti. Katika ugonjwa huu kurudisha huko kunashindikana, na vyote hivyo vinatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa kupita kiasi, misuli yake inayeyuka ingawa anakula. Ukichukua ukanda wa kupimia mkojo, ule ule unaouzwa kwa wagonjwa wa kisukari, ukauchovya kwenye mkojo wake, utabadilika rangi kuonyesha sukari nyingi. Ukipima damu yake, sukari iko kawaida. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya daktari asimtibu kimakosa kama mgonjwa wa kisukari. Dalili huanza mara nyingi mbwa akiwa na miaka minne hadi minane, na ubaya wote wa ugonjwa huu umo katika umri huo, kwa sababu kufikia hapo amekwisha kuzaa.

Ndipo baadhi ya wafugaji wa Marekani waliposema waziwazi kwamba bila damu mpya hakuna njia. Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, Jon Curby na Michael Work walikwenda kaskazini-mashariki mwa Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, katika vijiji vya Wazande, wakarudi na mbwa kadhaa. Baadhi ya mbwa hao walipewa jina la ukoo wa watawala wa Wazande, Avongara, na baadhi walikuwa na rangi ya milia, ambayo haikuwamo katika maelezo rasmi ya Marekani. Ubishi ulikuwa mkali. Walikuwapo waliosema kwamba mbwa wa kijijini wasio na hati wangeharibu aina iliyotunzwa kwa miaka hamsini. Sioni namna ya kuitetea hoja hiyo, kwa kuwa mababu wa hao mbwa wenye hati nao walitoka katika vijiji vya namna hiyo hiyo bila hati yoyote. Hatimaye mwaka 1990 American Kennel Club ililifungua daftari na kuwaandika mbwa 14 kutoka Afrika, na milia ikakubaliwa kuwa rangi halali. Daftari lilifunguliwa tena kuanzia mwanzo wa mwaka 2009 hadi mwisho wa mwaka 2013, na katika kipindi hicho, mwaka 2010, msafara mwingine ulichukua mbwa katika vijiji vya eneo la Basankusu.

Wakati huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha vinasaba cha Fanconi. Cha mwaka 2007 kilikisia kwa kutumia alama zilizo jirani na jeni yenyewe. Cha mwaka 2011 kinaitazama jeni moja kwa moja. Kwa wagonjwa upo pia utaratibu wa kuwarudishia baikaboneti na madini yanayopotea, na unaposimamiwa vizuri wengi huishi karibu umri wa kawaida. Ukimaliza masomo yako utakutana na mambo haya haya kwa ng'ombe, kwa maana mbegu ya dume mmoja bora ikisambazwa wilaya nzima kwa chupa, hesabu ya nakala mbili mbovu inafanya kazi vile vile.

SWALI: Mbwa wetu wa vijijini huku Kagera wengi wanafanana kabisa na yule wa kwenye picha, hata mkia. Je, si basenji hao? Kwa nini tusiwaandikishe?
Mwalimu, Bukoba

JIBU: Mwalimu, kwa damu hukosei sana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya mbwa wa vijijini zaidi ya 300 wa Afrika, wakiwamo wa Uganda, majirani zako wa ng'ambo ya mpaka. Basenji aliangukia pamoja na mbwa hao wa asili wa Afrika. Mbwa anayeitwa wa Farao, na yule mwenye mstari wa nywele mgongoni wa kusini mwa Afrika, wote wanaosifiwa kwa asili yao ya Kiafrika, walionekana kuwa na damu ya Ulaya kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mbwa anayelala nje ya nyumba yako ni jamaa wa karibu wa basenji kuliko mbwa wengi wenye hati.

Kwa daftari, hata hivyo, mbwa huyo si basenji, na kufanana hakutoshi. Mbwa wa kijijini huzaa na amtakaye, na kizazi kijacho kinaweza kuwa na masikio yaliyolala au mkia ulionyooka. Anayeandikwa katika daftari ni yule ambaye watu wamekubaliana aweje, wakaandika, kisha wakadhibiti nani azae na nani. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linaweka mambo wazi kwa namna ya ajabu kidogo: katika maelezo namba 43, ambayo ni ya basenji, asili ya mbwa imetajwa kuwa Afrika ya Kati, na mlezi wake ametajwa kuwa Uingereza.

Kitu hiki kingeweza kufanyika Afrika pia. Yule mbwa wa mstari mgongoni niliyemtaja aliandikiwa maelezo yake Bulawayo mwaka 1922, na chama cha Afrika Kusini kikamtambua baadaye. Nairobi kuna East Africa Kennel Club, ambayo huandikisha mbwa na kuandaa maonyesho, ingawa wanaoonekana huko kwa wingi ni wa aina za kigeni. Kama walimu, madaktari wa mifugo na wafugaji wa Kagera wangekubaliana juu ya mbwa wao, wakapima kimo, wakaandika nani kazaliwa na nani kwa vizazi kadhaa, wangekuwa wamefanya kile kile alichofanya Bibi Burn na wenzake. Ningewashauri jambo moja tu, kwamba daftari lao lisifungwe mapema.

SWALI: Tunaishi Calgary na watoto wangu wamempenda mbwa huyu baada ya kuona picha yenu. Nimwulize nini mfugaji kabla sijatoa fedha?
Mama wa watoto wawili, Calgary

JIBU: Mama, Kanada ni mahali pazuri pa kumtafuta, kwa sababu basenji wamefugwa huko tangu miaka ya 1940, na baadhi ya mbwa wa mwanzo wa Marekani walitoka kwa mfugaji wa Kanada, Dk. A. R. B. Richmond. Mwombe mfugaji akuonyeshe majibu ya kipimo cha vinasaba cha Fanconi ya wazazi wote wawili, si ya mmoja. Kama mmoja ni mbebaji na mwingine ni salama, watoto hawataugua, kwa hiyo usikimbie. Kama wote wawili ni wabebaji, ondoka. Uliza vilevile kuhusu vipimo vya macho na kile cha upungufu wa damu. Nyumbani, tia uzio ambao mbwa huyu hawezi kuupanda wala kuchimba chini yake, na usimwachie huru karibu na barabara, kwani akiona sungura hasikii jina lake.

Usishangae ukiambiwa leo kwamba hakuna watoto. Wengi wao huzaliwa karibu na Desemba na Januari, na hukabidhiwa kwa wanunuzi wakiwa na wiki nane au zaidi, kwa hiyo ingiza jina lako kwenye orodha ya mfugaji kabla ya Septemba.